Vumbi la Ndani ya Kava

Karakana ya Mama Wema,
Nyahanga, Kahama.
Jumatano, 14 Agosti.

Kwako kaka yangu Bartholomeo,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu mama alitulea hivyo, usiisome zaidi ya hapo. Natumaini u mzima, wifi Violeth mzima, watoto wanasoma vizuri na lile shinikizo lako la damu limetulia. Sisi huku hatujambo. Mama mguu unamsumbua asubuhi, lakini akishapata jua anatembea mpaka kwenye mihogo na kurudi. Wema yuko kidato cha pili na amekuwa mrefu kunipita. Mama anakuulizia kila Jumapili akitoka misa, na kila Jumapili namjibu kwamba una kazi nyingi. Huo ni uongo mdogo kuliko mingine niliyosema mwaka huu. Mingine utaisoma humu humu.

Najua hupendi barua. Tangu ajali itokee umepokea simu yangu mara moja tu, ukaniambia mambo haya tusiyaandike popote, ukakata. Basi naandika, tena kwa kalamu, ili mwandiko uwe wangu na pasiwe na mtu wa kusema sikuwa mimi.

Bahasha yako niliipokea Jumatatu kwa konda wa basi. Nimeyasoma maelezo uliyoniandalia, kurasa tatu zimechapwa safi, chini umeacha mstari wa sahihi yangu. Yanasema kwamba mimi, Bernadina, mtengenezaji, niliitoa mashine ya kusagia mawe namba kumi na moja hapa karakana ikiwa na kava lake kamili juu ya mkanda na puli. Kwamba Masudi, msimamizi wa karasha la Ushirombo, alilifungua kava hilo kwa uamuzi wake mwenyewe. Kwamba kava limeokotwa nyuma ya stoo, kwa hiyo mwenye kosa anajulikana. Halafu umenukuu kile kifungu mlichokiandika wenyewe huko wizarani, kwamba mtumiaji akiubadilisha mtambo, mtengenezaji hahusiki. Pembeni umebandika kikaratasi kwa mkono wako kuwa mimi ni mjane, watanionea huruma, nisaini tu kabla ya Ijumaa. Kikaratasi chako nakurudishia, kimo humu kwenye bahasha. Huruma sijakuomba.

Masudi leo ana siku ya kumi na mbili mahabusu. Ni mtu wa Kigoma, huku hana hata shangazi wa kumdhamini. Maelezo hayo yakifika yalivyo, atashtakiwa yeye kwa mkono wa Vumilia uliokatwa na mashine hiyo, na Vumilia atakaa kortini akiambiwa kwamba mtu aliyemwokoa ndiye aliyemkata. Hicho ndicho unachotaka nikitie sahihi, kaka, wewe uliyekuwa unatuongoza rozari nyumbani.

Acha nikukumbushe mambo yalivyoanza, maana huko ofisini naona mnasahau upesi. Miaka miwili iliyopita ulikuja hapa Kahama na wenzako watatu na mashine ya kuonyesha picha ukutani. Mlituita sisi wote tunaotengeneza makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, tukajaa ukumbini, tukapewa soda na keki. Ulituambia kwamba nchi zilizoendelea zina kanuni za usalama wa mitambo, kwamba sasa na sisi tumeziingiza kwenye sheria yetu, na kwamba kuanzia siku hiyo wa kwanza kuulizwa ni mtengenezaji. Kila mashine iwe na kibati chenye jina na simu ya aliyeitengeneza na namba yake. Iwe na kitabu cha maelezo. Iwe na swichi nyekundu ya kuzima haraka. Mkanda na puli, lile gurudumu linalouzungusha, vifunikwe na kava. Nilikaa mstari wa pili nikijivuna, nawaambia majirani kwamba yule anayeongea ni wa tumbo moja na mimi. Leo nikikumbuka naona haya.

Mlitoa dakika tano za maoni. Nilisimama nikakuuliza vumbi litakalojaa ndani ya kava litakuwa la nani. Wenzako walicheka. Wewe hukucheka, kwa sababu umekulia huku na ulijua vizuri ninachouliza, lakini ulijibu kwamba hilo ni suala la utekelezaji na litaangaliwa. Ukakusanya karatasi zako. Nilikaa chini kama mtoto aliyekosea jibu darasani.

Na mpaka leo hakuna aliyeliangalia. Mlinakili kanuni za watu ambao hawajawahi kumwona mwenye mawe amechuchumaa kando ya karasha. Mchimbaji amekaa shimoni miezi mitatu, amepanda na viroba sita, anajua kila punje ya unga wake inaweza kuwa na chochote. Anatandika turubai, anashika brashi, anafagia kila kinachodondoka mpaka kwenye vyuma. Ukimwekea kava, unga unaruka unaingia ndani yake, na yeye anauona unaingia. Akiondoka, mwenye karasha anafungua na kufagia. Ndiyo maana huku wanasema kava linakula. Mimi na marehemu mume wangu Ignas tuliwahi kutengeneza mashine moja yenye kava la kuchomelea, halifunguki, kabla hata ya kanuni zenu. Ilikaa wiki tatu bila kusaga jiwe, mwenyewe akaturudishia na matusi juu.

Sasa ungefanya nini ungekuwa mimi? Kanuni zinasema bila kava mashine haitoki karakana. Wateja wanasema yenye kava haiingii karashani. Wenzangu wawili wa mtaa huu walifunga, wakahamia porini wanakotengeneza bila kibati wala jina, na mashine zao zinauzika kuliko zangu. Mimi nilibaki kwa sababu yako. Nilijiambia mdogo wake mwandika kanuni hawezi kukimbilia porini. Nikabaki, nikafanya ujinga wa aina yangu, na huo unaujua, lakini nauandika ili uwe kwenye karatasi.

Nilitengeneza kava moja. Zuri, la rangi ya kijani, bolti nne. Mkaguzi akija, fundi wangu Ngassa analifunga kwenye mashine iliyo tayari, mkaguzi anaangalia, anagonga muhuri, anakunywa chai, anaondoka. Ngassa analifungua na kulitundika ukutani mpaka mashine nyingine ikamilike. Mashine kumi na saba zimekaguliwa kwa kava hilo hilo moja. Lina mkwaruzo mrefu ubavuni na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini kila kava la Mama Wema linakwaruzika mahali pale pale. Nilikuwa nacheka, kaka. Nilidhani nimewaweza.

Namba kumi na moja ilikuwa yako. Leseni ya karasha uliiandikisha kwa jina la wifi Violeth, ukasema mtumishi wa serikali hatakiwi kuonekana kwenye dhahabu. Ulikuja mwenyewe Jumamosi ukiwa umevaa kofia, ukaikagua mashine, ukapitisha kidole kwenye kibati changu na kukisifu. Ngassa alikuuliza kama alifunge kava uende nalo. Ukamwambia aache, watu wa Ushirombo wataikimbia. Wewe. Uliyesimama ukumbini na picha ukutani. Nilikuangalia ukipanda gari na nikaona raha, nataka ujue hilo, niliona raha kwamba hata wewe umeshindwa na kanuni zako.

Sasa Vumilia. Hukumwuliza hali yake hata kwenye simu ile moja, kwa hiyo nakuambia. Ana miaka ishirini na sita, ana watoto wawili, kazi yake pale karashani kwako ilikuwa kuchekecha unga. Alhamisi ya tarehe mosi, saa nne asubuhi, mwenye mawe alikuwa anaharakisha, akamwomba amfagilie vumbi lililomwagika chini ya puli wakati mashine inazunguka. Aliinama. Pindo la kitenge chake likashikwa na mkanda, mkono ukafuata. Masudi alikuwa ametoka nje kuchota maji, alisikia ukelele, akarudi mbio na kupiga ile swichi nyekundu. Mkono umekatwa juu ya kiwiko. Daktari alisema mashine ingezunguka sekunde chache zaidi, bega lingeondoka na huenda yeye pia. Swichi ile niliifunga huku nikiwalaani, nikisema mnaniongezea gharama za bure. Nilikosea kuhusu swichi. Mmoja wenu aliyeiandika alikuwa na akili, sijui kama ni wewe.

Nilikwenda kumwona hospitali Ushirombo. Nilimkuta dada yake anamnywesha uji. Hakunilaumu, na hakujua hata kwamba mashine ni yangu mpaka nilipomwambia. Aliniuliza kama Masudi huko alipo anapelekewa chakula.

Nimeandika yote haya kwa hasira, na hasira bado ninayo, ningekuwa karibu yako ningekushika ukosi mbele ya watoto wako. Lakini kuna jambo ambalo wewe hulijui, au hukutaka kulijua. Umeandika kwenye maelezo yako kwamba kava limeokotwa nyuma ya stoo. Kaka, wewe uliiondoa mashine bila kava, kwa macho yako na mdomo wako. Uliposikia kava limeokotwa, hukujiuliza limetoka wapi? Hukunipigia kuniuliza. Ulishukuru Mungu, ukaanza kuchapa.

Nililiweka mimi.

Siku ya ajali Masudi alikupigia simu, hukupokea. Kwenye mashine kuna kibati, kwenye kibati kuna simu yangu, akanipigia mimi. Alikuwa analia. Alinieleza yote na kuniuliza afanye nini na mashine. Nilimwambia asiguse kitu, kisha nikakata simu na kumwita Ngassa. Sikuwaza mkono wa Vumilia. Niliwaza kibati changu, namba kumi na moja, na mkaguzi akiuliza kava liko wapi. Mchana ule ule tulikata pleti, tukachomelea kava jipya, tukalipaka kijani. Mimi mwenyewe nililisugua kwa grisi na udongo, nikaligongagonga kwa nyundo mpaka likaonekana la zamani. Ijumaa saa sita mchana nilikodi kigari cha mizigo, kirikuu, mpaka Ushirombo. Karashani hapakuwa na mtu, Masudi alikuwa hospitali akimtolea Vumilia damu. Nikaliweka nyuma ya stoo, nikaliegemezea kipande cha bati. Nilirudi Kahama nikapika chakula cha jioni na Wema akanisifu kwamba mboga ni tamu.

Jumamosi asubuhi mkaguzi Magesa aliliona, na kabla ya saa tano Masudi alikuwa ameshachukuliwa. Nilijiambia mambo mengi siku zile. Kwamba watamwachia. Kwamba msimamizi angepaswa kujua. Kwamba mwenye makosa ni wewe na kanuni zako na mchimbaji na vumbi lake, mimi ni mjane mwenye mtoto wa kusomesha. Maneno yako ya kwenye kikaratasi nilikuwa nimeshayasema mwenyewe kabla yako, ndiyo maana yaliniuma niliposoma.

Jana nilikwenda kituo cha polisi kumwona Masudi. Nilimpelekea wali na maharage. Nilijiandaa kwa matusi, kwamba atanikazia macho na kunitaja. Aliniamkia, akanishukuru kwa kuja, akanipa pole kwa sababu mashine yangu imeingia matatani. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba yeye hakuwahi kuliona kava lile. Anadhani lilikuwepo tangu kabla hajaajiriwa na yeye hakujishughulisha kutazama nyuma ya stoo. Akasema kila siku anajilaumu kwa hilo. Angepita tu nyuma ya stoo, akasema, angelifunga, na Vumilia angekuwa na mkono wake. Akalia tena, na mimi nikamwangalia analia kwa kosa nililomwundia kwa nyundo yangu.

Nilitoka pale nikamwambia Ngassa kwamba kesho tunakwenda kwa Magesa.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mkaguzi Magesa. Nimekwenda na Ngassa na lile kava la ukutani lenye mkwaruzo. Nimemweleza la kuwazungusha kwa kava moja, nimemwandikia orodha ya mashine zote kumi na saba na wapi zilipo, ili wazime zile zinazozunguka wazi kabla mwingine hajainama. Nimemweleza la nyuma ya stoo. Aliandika polepole, hakunipigia kelele hata mara moja, nafikiri kwa sababu muhuri uliogongwa mara kumi na saba ni wake na alikuwa anauhesabu kichwani. Amepiga simu polisi mbele yangu. Masudi anatoka kesho. Mimi karakana nimeambiwa nifunge leo, na Ijumaa nirudi na mtu wa kunidhamini. Nimemwambia kila kitu Wema, amekaa chumbani kwake, hajataka kula. Mama bado sijamwambia. Nitamwambia nikishamaliza barua hii.

Nilimwambia Magesa jambo moja la mwisho, kwamba mimi sijutii kuuliza lile swali ukumbini. Nitaliuliza tena mahakamani kama watanipa nafasi. Mkitaka kava likae kwenye mashine, andikeni kwamba kila mwenye mawe akimaliza kusaga, mashine izimwe, kava lifunguliwe mbele yake na afagie vumbi lake mwenyewe. Ni sentensi moja. Kwa kukosa sentensi hiyo, na kwa uongo wangu, na kwa kofia yako ile ya Jumamosi, mwanamke anajifunza kufunga kanga kwa mkono mmoja.

Maelezo yako sikuyatia sahihi. Nimeyachana, na vipande mama amewashia moto bila kujua ni nini.

Nisalimie watoto wote, uwaambie shangazi yao anawapenda na kosa si lao. Nisalimie pia wifi Violeth, salamu nyingi za pekee. Magesa aliponiuliza mwenye karasha ni nani, nilijibu kama leseni inavyosema, na hati ya kumwita ameshaiandika, atasimama Ijumaa saa tatu kujibu nani alisema kava libaki Kahama. Jina lako sikulitaja. Usinishukuru, sikukuonea huruma. Yeye hajawahi kukanyaga Ushirombo wala hajui puli ni nini, na kati ya leo na Ijumaa wewe ndiye utakayemweleza kwa nini anaitwa.

Ni mimi mdogo wako,
Bernadina, Mama Wema.